Mstari wa Mia na Kumi na Nane

Kompyuta ya ofisi ya tarafa ya Wonopati ilihitaji dakika kumi na moja kuamka, na karani, Bu Murtini, aliijua vizuri tabia yake. Saa moja na nusu asubuhi alibonyeza kitufe, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akaenda nyuma kuchemsha maji. Aliporudi na trei ya chai na kukuta skrini bado nyeusi, aliizaba kofi ubavuni, bila hasira, kama mtu anavyomsimamisha ng'ombe mvivu. Feni ikaanza kukoroma. Skrini ikawa ya buluu. Na kwenye mabenchi ya kusubiria marehemu wa Sendangkulon walikuwa wameshaketi, maji yakiwachuruzika kuanzia magotini.

Walikuwa mia mbili na kumi na tatu. Mabenchi yalitosha watu arobaini, kwa hiyo wengine walichuchumaa barazani na wengine kando ya kabati la mafaili. Walio hai waliokuja na shida zao, huyu kitambulisho, yule cheti cha ndoa, walipita katikati yao wameinamisha mgongo na kutanguliza mkono wa kulia, kama inavyopasa kupita mbele ya wakubwa, wakisema samahani, samahani. Mfagizi alipiga deki mara tatu kwa siku. Alinung'unika sana huyo mama, lakini alinung'unikia matope.

Miaka saba nyuma kijiji cha Sendangkulon kilifunikwa na bwawa la umeme. Watu walihamishwa, na serikali ikaahidi kuhamisha makaburi pia, yote mia mbili na arobaini na manne. Kazi ilianza vizuri, lazima tuseme haki. Mifupa ilifukuliwa, ikavikwa sanda mpya, ikasomewa dua, ikapandishwa mlimani kwenye makaburi mapya ambako mkandarasi alikuwa akisimamisha mawe yenye majina na namba. Kila mmoja akishazikwa, Bu Murtini aliandika kwenye kompyuta, safu ya mwisho: Amehamishwa. Alifika mstari wa thelathini na moja. Ndipo ikaja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka Jakarta atafungua bwawa Jumatatu, na milango ya maji itafungwa mapema ili akute maji ya kutazama.

Ijumaa ile mkuu wa tarafa wa wakati huo alikuja kusimama nyuma ya kiti cha Bu Murtini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini.

"Bu Murti," alisema, "hii safu ya mwisho mbona ina mapengo mengi hivi? Macho ya mgeni yatachoka."

Hakumwambia adanganye. Sisi huku hatuambiani maneno kama hayo. Tunaambiana kwamba macho ya mgeni yatachoka, na anayeambiwa anajua la kufanya. Bu Murtini alipeleka kipanya kwenye kona ya mstari wa thelathini na moja, akabonyeza, akaburuta chini mpaka mstari wa mwisho. Haikuchukua muda zaidi ya kupiga chafya. Mama yake mzazi, Mbok Kariyem, alikuwa mstari wa mia na kumi na nane.

Marehemu wetu ni watu watiifu. Waliambiwa wamehamishwa, wakainuka. Wakatafuta walikohamishiwa, na kwa kuwa hawakuhamishiwa popote isipokuwa ndani ya faili lile, wakaja lilipo faili. Kompyuta ikiwashwa, wanaketi ofisini. Ikizimwa saa kumi jioni, wanarudi ndani yake.

Mbok Kariyem alichagua benchi la tatu, mkabala na meza ya mwanawe, ili asipitwe na kitu.

"Umekonda," alimwambia.

"Sijakonda, Mbok."

"Umekonda usoni. Tumbo ndilo limekataa."

Pak Kliwon, jirani yake wa mstari wa mia na kumi na tisa, alicheka mpaka maji yakamtoka puani.

"Na wewe cheka tu," Mbok Kariyem akamgeukia. "Ulikufa na deni la kuku wangu wawili, unacheka!"

Asubuhi zilikwenda hivyo. Lakini ikifika saa nane, saa ya usingizi, sauti ya mama ilibadilika.

"Murti."

"Naam, Mbok."

"Mgongo."

"Najua, Mbok."

"Hujui. Wewe jioni unakwenda kujinyoosha kitandani. Mimi mwaka wa saba huu sijalala. Humo ndani ya kidude chako tunasimama, mwanangu, tumepangwa mstari kwa mstari kama njiti za kiberiti. Mimi sidai sanda mpya. Sidai mlimani. Andika tu kwamba sijahamishwa, nirudi kule kwetu nikalale. Maji hayanisumbui."

"Faili limefungwa, Mbok. Lilijifunga siku ile ripoti ilipotumwa."

Hilo lilikuwa kweli, na Bu Murtini alilishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Ukutani kwa ofisi, juu ya meza ya mkuu wa tarafa, ilitundikwa ngao ya shaba: Uhamishaji Bora wa Makaburi, Ngazi ya Mkoa. Mfagizi aliipangusa kila Ijumaa.

Mwezi wa nane ikaja barua kutoka wilayani. Kompyuta zote za tarafa zibadilishiwe mfumo kabla mwezi haujaisha. Kompyuta itakayobaki na mfumo wa zamani itakatwa kwenye mtandao. Aya ya pili ilisema kwamba kabla ya kuweka mfumo mpya mafaili ya zamani yatafunguliwa kwa saa moja, mbele ya mkuu wa ofisi, ili makosa yasahihishwe. Baada ya hapo hayatafunguliwa tena.

Bu Murtini aliisoma mara tatu, kisha akaifunika kwa kitabu cha wageni.

"Inasema nini hiyo barua mpaka unaificha?" aliuliza Mbok Kariyem, ambaye hakuwahi kujua kusoma.

"Wanabadilisha mfumo wa kompyuta, Mbok. Hii imezeeka."

"Na faili?"

"Litafunguliwa. Kwa saa moja."

Kwenye mabenchi hata maji yaliacha kudondoka kwa kitambo.

"Basi utaandika," alisema mama.

"Nitaandika, Mbok."

Wiki ile yote alifanya mazoezi nyumbani mbele ya kioo, jinsi ya kumwambia mkuu wa sasa wa tarafa. Pak, kuna kosa dogo la zamani. Pak, naomba radhi, kuna kosa dogo. Mara ya kwanza sauti ilimkwama. Kufikia Jumanne usiku aliweza kulisema lote bila kukohoa, na alilala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu bwawa lijae.

Jumatano Pon, siku njema katika kalenda ya Kijava, ndiyo siku iliyochaguliwa. Ilichaguliwa na fundi mwenyewe, Pak Gunadi wa wilayani, mtu mnene mwenye bisibisi tatu kwenye mfuko wa shati. Alikuwa amejifunza kwa uchungu: ofisi moja ya jirani ililazimisha kubadilisha mfumo siku isiyofaa, diski ikafa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto elfu nne vikaenda nayo. Kwa hiyo aliweka kwanza juu ya kompyuta kikombe cha kahawa chungu, sigara moja ya karafuu na sahani ndogo ya maua, akanuia kimoyomoyo, ndipo akavua viatu na kuingia chini ya meza kutafuta waya.

"Samahani mzee, sogeza mguu kidogo," alimwambia Pak Kliwon. "Soketi iko nyuma yako. Aa, na tuangalie maji yasifike hapa, tutakufa wote."

"Mimi nimeshakufa," alisema Pak Kliwon.

"Basi wewe una nafuu."

Akaipulizia vumbi ile mashine, akatoa mjusi mkavu na karatasi mbili za peremende. "Bu Murti, hii kompyuta ingekuwa mtu ingeshastaafu na kupata wajukuu. Mfumo mpya utaingia, ila kwa kusukuma."

Mkuu wa tarafa, Pak Winarso, aliingia na sahani ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, na ndizi za kukaanga, zimefunikwa kwa jani la mgomba. Aliwasalimu marehemu kwa viganja viwili vilivyokutana, benchi kwa benchi, kama afanyavyo kila asubuhi. Huyu hakuwa yule wa zamani. Huyu alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Upepo ulipong'oa paa la nyumba ya Bu Murtini alifika wa kwanza, turubai begani, amelibeba mwenyewe, na kupanda juu akapanda. Mwezi wa kumi alikuwa apandishwe cheo kwenda mkoani, na ukurasa wa kwanza wa makaratasi yake ulikuwa picha ya ile ngao. Kuhusu marehemu alijua yote. Tulijua sote. Ofisi ilikuwa na bajeti ya sabuni ya deki mara mbili ya tarafa nyingine yoyote.

Saa tatu na dakika kumi Pak Gunadi alisema, "Haya, limefunguka. Tuna saa moja. Kuna marekebisho?"

Safu ya mwisho ilionekana kwenye skrini, Amehamishwa juu ya Amehamishwa.

"Bu Murti anaijua kazi yake," alisema Pak Winarso, akimsogezea sahani. "Hakuna kosa, eti, Bu?"

Mbok Kariyem akainuka kwenye benchi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kuinuka kabla ya saa kumi. Pak Kliwon naye akainuka, kisha wa jirani, kisha walioko barazani, mpaka chumba kikajaa watu waliosimama.

"Pak," alisema Bu Murtini.

"Naam, Bu?" Pak Winarso aligeuza mwili wake wote kumsikiliza, uso mkunjufu kabisa. Nyuma ya kichwa chake ngao iling'aa.

"Pak, naomba..." Macho yalimwangukia kwenye sahani. "Hiyo tempe ina pilipili?"

"Pilipili iko pembeni, Bu. Chukua, chukua."

Akachukua. Akatafuna. Nyuma yake mtu mmoja wa mstari wa mia mbili alifyonza meno.

Saa tatu na nusu alijaribu tena. Alisema, "Pak, kuna jambo la zamani kidogo," na Pak Winarso akaangusha macho kwenye viatu vyake, akasubiri, na masikio yake yakawa mekundu. Hakumkatisha. Kama angemkatisha, kama angefoka, labda Bu Murtini angepata pa kusimamia. Lakini alisubiri tu na aibu yake, na Bu Murtini akaiona aibu ile, akaiona na ile picha ya ukurasa wa kwanza, akaliona na turubai begani.

"Jambo gani, Bu?"

"Kiti changu, Pak. Mguu umelegea."

"Tutakiagizia kingine," alisema Pak Winarso. Alipumua kwa nguvu, na kila mtu alisikia.

Saa nne kasoro dakika tano Pak Gunadi alikuna kichwa. Mfumo mpya ulikuwa umegoma kulipokea faili. Ule wa zamani, alieleza, ulikuwa mvivu wa kuuliza. Huu unauliza. Mtu akiandikwa amehamishwa, unataka namba ya kaburi lake jipya, na nafasi ikiwa tupu haupiti.

"Mawe kule juu yana namba, si ndiyo?"

"Yana namba," alisema Bu Murtini.

"Zinafuatana?"

"Moja mpaka mia mbili arobaini na nne."

"Basi kuna tabu gani? Andika moja, uburute."

Bu Murtini aliandika moja. Akapeleka kipanya kwenye kona. Mkono wa maji baridi ukamgusa begani.

"Murti," alisema mama yake, wala hakunong'ona. "Mwanangu. Usiniandikie namba."

Pak Gunadi alisikia. Pak Winarso alisikia. Akasikia pia bibi mmoja aliyeshika namba ya foleni ya kitambulisho, naye akaanza kuhesabu vidole vyake. Ilikuwa nafasi ya mtu yeyote kusema, na dakika nzima ilipita.

"Nisamehe, Mbok," alisema Bu Murtini, akaburuta.

Baada ya hapo kazi ikawa ya mashine. Duara lilizunguka kwenye skrini. Asilimia nne. Asilimia kumi na tisa. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikajizima tena, na Pak Gunadi akaongeza kahawa kwenye kikombe cha juu. Marehemu walibaki wamesimama. Ilipofika asilimia mia, kila mmoja alikuwa na kikaratasi mkononi, kikavu, chenye namba yake. Waliviangalia, wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua. Kisha wakaanza kutoka, kwa mpangilio, wakisema kwaheri na asante kwa kuhudumiwa.

Mbok Kariyem alipita kwenye meza. Bu Murtini alijikaza kupokea matusi, maana mama yake hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alitamani hata kofi. Mama alimnyoosha tu kola ya sare kwa vidole vyenye maji.

"Chai yako imepoa," alisema, akatoka.

Walipanda mlima kwa foleni, na waliokuwa mashambani waliacha majembe kuwapisha. Ofisini mabenchi yakawa matupu. Mfagizi alipiga deki mara moja, akasubiri, sakafu ikakauka na kubaki kavu. Kompyuta sasa iliamka kwa sekunde arobaini. Pak Winarso alipiga makofi madogo.

"Hongereni," alisema, bila kumtazama mtu.

Ukafika mwezi wa kuzuru makaburi, wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Watu wa Sendangkulon waliotawanyika kwenye vijiji vitano walipanda mlimani na mafagio, ndoo, waridi zilizochambuliwa, na sinia za wali wa manjano na kuku mzima. Pak Winarso alikuja kutoka mkoani na gari jipya. Makaburi thelathini na moja ya mwanzo yalikuwa makaburi: wenyewe wamelala, majani yameota juu. Kuanzia la thelathini na mbili, kando ya kila jiwe alisimama mwenye jina lake, ameshika kikaratasi.

Watu walisalimia. Walifagia kuzunguka miguu ya wazee wao. Kwa kuwa hapakuwa na tuta la kumwagia maua, waliyamwaga kwenye nyayo. Imamu aliwaombea dua wote waliolala mahali hapa, na waliosimama wakaitikia amina pamoja na sisi. Pak Winarso alitoa hotuba fupi na nzuri. Kisha tukala.

Bu Murtini alimkuta mama yake kwenye jiwe la mia na kumi na nane. Kucha za mikono yake zilikuwa zimevunjika.

"Nimejaribu," alisema Mbok Kariyem. "Pagumu, Murti. Chini ni mwamba mtupu. Halijapita hapa hata jembe."

"Keti basi, Mbok. Pumzika kidogo."

"Niketi wapi?" Alionyesha kwa kidevu. Kutoka jiwe lake mpaka jiwe la Pak Kliwon ilikuwa shubiri mbili. Aliyeyapanga mawe yale alijua hakuna atakayelala hapo, akabana nafasi. "Nikikunja goti, namsukuma mzee wa watu. Ofisini kwako palikuwa na benchi, na mimi nikalalamika. Mjinga mimi!"

Pak Kliwon hakucheka.

"Nilitaka kusema, Mbok. Wallahi nilitaka. Nilifungua mdomo mara mbili."

"Nilikuona." Mama alitikisa kichwa taratibu. "Basi sasa andika."

"Huu mfumo haukubali kusahihishwa, Mbok."

"Aha."

Upepo wa kule juu ni mkali, na chini bwawa lilikuwa tulivu, maji yamepungua kwa kiangazi, ncha ya msikiti wa Sendangkulon imejitokeza kidogo. Mbok Kariyem aliitazama kwa muda mrefu.

"Njoo usimame hapa karibu," alisema. "Nikuegemee."

Bu Murtini akasogea, akabana miguu yake kwenye ile nafasi finyu. Mama yake alilaza kichwa kwenye bega lake la kushoto na kufumba macho. Alikuwa mwepesi. Baada ya muda pumzi yake ikawa ndefu, ikakoroma kidogo, kama zamani kwenye mkeka wa jikoni, na Bu Murtini hakuthubutu hata kumfukuza nzi. Miguu ilimfa ganzi. Sinia zilikusanywa. Watu walianza kushuka, wakiwaaga wazee wao kwa kubusu mikono yenye maji.

Gari la ofisi likapiga honi mara moja, kwa adabu. Kisha mara mbili.

Bu Murtini alikishika kichwa cha mama yake kwa viganja vyote viwili, akakiinua polepole kutoka begani, akakiegemeza kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa fupi, halikufika hata kiunoni. Mama akafumbua macho.

"Mwakani, Mbok," alisema Bu Murtini.

"Haya," alisema Mbok Kariyem.

Jumatatu saa moja na nusu bega la sare lilikuwa bado halijakauka. Alibonyeza kitufe, na kabla hajatundika mkoba kompyuta ilikuwa imeamka. Ilikuwa na fomu mpya kutoka wilayani: ripoti ya ziara ya mwaka, hali ya kila kaburi, mstari kwa mstari, nafasi tupu haikubaliki. Bu Murtini aliketi kwenye kiti chake kipya. Aliandika Nzuri kwenye mstari wa kwanza, akashika kona, akaburuta.